Siku Niliyomwigiza Mama Koti

Wacha nianze na ule ujinga wenyewe, nikishautema nitaongea vizuri. Mimi ndiye niliyechukua koti la marehemu baba yangu, nikapita nalo mbele ya wanaume wa ukoo wetu waliokuwa wamekusanyika Kawangware, nikawapima mabega mmoja baada ya mwingine kama mama anayechagua mtumba, halafu nikamvisha baba mdogo. Hakuna aliyenituma. Nilifanya hivyo ili watu wacheke, na walicheka, jo! Mzee mmoja alicheka mpaka akajimwagia chai kwenye suruali. Nilikuwa darasa la tano na nilijiona nimefika.

Mnaosoma nami mnanijua. Ni mimi ninayetembea kama naibu wa mwalimu mkuu akiwa hayupo, na ni mimi niliyefanya darasa zima lipige magoti juani kwa sababu ya kuiga chafya ya mwalimu wa historia. Kwa hivyo Jumamosi juzi, walipotuwashia televisheni kwenye ukumbi wa kulia na kile kipindi cha zamani kikaanza, macho yote yalinigeukia. Wanakirudia siku hizi, sijui nani aliwaomba. Mama Koti akaingia na makalio yake ya mito, ukumbi ukalipuka. "Ochi, simama! Mfanye! Wewe ndio unamjua huyo!" Nikasimama. Nikasema naenda kukojoa. Nikakaa nyuma ya choo mpaka kipindi kikaisha, na badala ya harufu ya choo, ambayo mnaijua, nilikuwa nanusa omena, wale dagaa wa ziwani, na sufu iliyolowa mvua. Ndivyo lile koti lilivyonuka.

Kama hukuwahi kukiona, Mama Koti alikuwa mwanamume. Namaanisha aliyemwigiza, msee mwenye ndevu zilizonyolewa vibaya, kitambaa kichwani, mito mbele na nyuma. Katika hadithi alikuwa mjane kutoka kwetu ziwani, ambako mjane huvaa koti la mumewe mpaka matanga yaishe na ukoo useme ni nani kati ya ndugu za marehemu atakayemrithi yeye na nyumba yake. Kila Jumatano angeingia kwenye ploti, avue koti, aanze kuwapitia wanaume waliokaa wakicheza bao. "Huyu mabega hana! Huyu tumbo limetangulia! Huyu atanipasulia mgongo!" Mwishoni angempata mmoja ambaye koti limemkaa sawasawa. Yule mwanamume angetoa macho, aruke ukuta na koti mwilini, na Mama Koti amkimbize na kiatu mkononi. Nyimbo. Mwisho. Jumatano iliyofuata koti limerudi, tunaanza upya.

Hakuwa yeye tu. Kulikuwa na mlinzi wa kutoka Magharibi ambaye kazi yake yote ilikuwa kulala na kuulizia ugali. Kulikuwa na msichana wa kazi ambaye kila wiki alipatikana na sukari mdomoni. Kulikuwa na bibi wa mtu aliyezabwa kofi kwa kuunguza chapati, na lile kofi lilikuwa na mlio wa kuchekesha, kama sufuria imeanguka. Tulicheka. Kulikuwa pia na watu ndani ya televisheni waliocheka kabla yetu, hawaonekani, na mimi niliamini kwamba wamekaa mahali fulani mjini kwenye viti vizuri, watu wakubwa wenye akili, kazi yao ni kutuambia penye kicheko ni wapi. Walipocheka nikacheka. Waliponyamaza nikanyamaza.

Tulitazamia kwa Fundi Wafula, safu yetu ileile Kisumu Ndogo, Kibera. Alikuwa seremala. Alikuwa na televisheni ya rangi mbili, nyeusi na ile nyeusi iliyopauka, na betri ya gari ya kuiwasha. Jumatano tukitoka shule, mimi na wavulana wawili tulisukuma betri kwa wilbaro mpaka Ayany kwenye stima, tukangoja ichajiwe tukirushiana mawe, tukairudisha jioni. Malipo yetu yalikuwa kuketi mbele, juu ya vitanda ambavyo havijapigwa vanishi, miguu ikining'inia juu ya maranda. Betri ikianza kuchoka, picha ilijikunja kutoka pembeni, watu wakabaki wadogo katikati ya giza kama wanaangaliwa kupitia tundu la kufuli, na tukawapigia kelele wamalize haraka.

Fundi Wafula mwenyewe alitoka upande uleule wa yule mlinzi. Hakuna aliyemcheka mlinzi kuliko yeye. Alifuta machozi na aproni yenye unga wa mbao mpaka macho yakawa mekundu. Lakini Jumatano moja, mlinzi alipopatikana tena amelala uso ndani ya ugali, fundi alichelewa kucheka. Kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Lakini sisi hatuongei hivyo."

Mimi nikadakia papo hapo kwa sauti yake, pua na kila kitu: "Lakini sisi hatuongei hivyo!"

Wavulana wakaanguka kutoka kitandani. Fundi Wafula naye akacheka. Angefanya nini kingine, ndani ya karakana yake, na watoto thelathini wakimtazama?

Baba alikufa mwaka uleule. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa kifua kipana, na kile kifua ndicho kilichommaliza. Alikohoa, akakonda, akakohoa tena, mpaka mkanda wake ukahitaji matundu mapya. Hakuna aliyetuambia ni kifua cha aina gani. Tulimpeleka kumzika ocha, kijijini kwetu ziwani, na Mama alirudi Nairobi amevaa koti lake.

Lilikuwa koti zito la rangi ya majivu, vifungo vitatu. Mama alikunja mikono ya koti mara mbili na bado vidole vilijitokeza kama vya mtoto. Alilivaa asubuhi, alilivaa jua kali, alilivaa akiwa ameketi kando ya barabara na karai lake la omena, akipima kwa kikopo. Mvua ikinyesha lilikunywa maji na kumvuta mabega chini. Kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukielewa. Mama aliacha kuingia kwa nyumba za watu. Akienda kwa mama mmoja wa kwetu, alisimama mlangoni na kuongea akiwa nje, na yule mama naye hakumwambia karibu. Siku hizi najua ni mila, mjane ambaye mambo yake hayajamalizwa haingii kwa wenziwe. Wakati ule nilidhani ni harufu ya omena. Nikawa namwekea kipande cha sabuni kando ya karai kila jioni, nikiona labda anasahau kunawa. Alikitazama, akanitazama, akanawa.

Siku ya kwanza ilikuwa kwa Fundi Wafula. Mama Koti aliingia kwenye televisheni, na mvulana mmoja wa wilbaro akanipiga kiwiko. "Ochi! Si huyo ni mathe wako!"

Kitanda kizima kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimejifunza mapema kwamba anayecheka kwanza hachekwi sana. Kesho yake jina likatoka nje. Mama alikuwa akipita na karai kichwani, watoto wakapanga mstari nyuma yake, matako yakiyumba: "Mama Koti! Mama Koti! Huyu mabega hana!" Yeye aliendelea kutembea. Hakuwa amewahi kukiona kile kipindi, maana saa ile ya Jumatano ndiyo watu hununua omena ya jioni. Alidhani wanamwita tu kwa nguo aliyovaa, na akawaitikia. Siku moja nilimsikia akimwambia mmoja wao kwa upole, "Eeh, mwanangu?"

Nikaanza kuzunguka. Nikiwa na wenzangu sikupita alikouzia, nilipitia nyuma ya kanisa, mbali, kwenye matope.

Basi nikawaza, kwa ile akili ya darasa la tano. Tatizo ni koti. Koti likiondoka, jina litaondoka. Na koti linaondokaje? Kwenye televisheni nilikuwa nimeona mara ishirini: linavishwa mwanamume ambaye linamtosha, na yule mwanamume anatoroka nalo. Shida ya Mama Koti ni kwamba alikuwa akimkimbiza na kulirudisha. Mjinga yule! Si angemwacha aende? Nilikuwa nimegundua kosa ambalo watu wakubwa wa televisheni hawajaligundua. Nilihitaji tu mwanamume mmoja wa kutoshwa na koti, na Mama asimfuate.

Kumbe Mama naye alikuwa na mpango wake. Nilimsikia akifanyia mazoezi maneno jioni akipepeta omena, midomo ikitembea, mkono ukisimama katikati. Ukoo ungekutana Jumapili Kawangware, upande wa Kongo, kwenye ploti ya baba mdogo, na jambo la nyumba yetu lilikuwa mezani. Watu walikwisha kumtaja baba mdogo, ambaye alikuwa na mke wake na watoto. Mama alitaka wamwache aliweke koti chini mwenyewe, kwa maombi, bila mwanamume. Alitaka wakubali. Kukataa tu angeweza kukataa hata akiwa Kibera, lakini anayekataa bila baraka za ukoo amejikata, yeye na watoto wake, na Mama hakutaka tukatwe. Maneno yake nilikuwa nimeyashika kama shairi la shule:

"Kifua kilichomuua mwenye koti hakuna aliyekipima. Mimi nililala naye kitanda kimoja. Siwezi kukichukua nisichokijua nikakipeleka kwa nyumba ya mwenzangu. Niacheni nilee."

Yalikuwa maneno makali sana kusema mbele ya watu wakati ule, wakati watu walikuwa wanazikana kila Jumamosi na kusema ni kifua, ni malaria, ni kurogwa. Mimi nilisikia tu kwamba ni marefu.

Jumapili tulimwacha dada yangu mdogo kwa jirani, tukatembea. Mama alikuwa amepaka mafuta miguuni na kunipiga msasa shingo mpaka ikawaka.

"Tukifika usianze mambo yako," akasema.

"Mambo gani?"

"Hayo."

"Sawa."

"Ochi. Leo nataka kuongea na watu wakubwa. Nataka wanisikie. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Na nilielewa, wallahi. Shida ni kwamba nilikuwa namsaidia.

Walikuwa wamepanga mabenchi ya kanisa uani, katikati ya safu mbili za mabati. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye majamvi, na Mama karibu na lango juu ya kreti la soda. Waliongea, waliongea, mambo ya shule ya ocha, mambo ya mtu aliyefungwa. Hatimaye mwenyekiti, mzee mfupi mwenye kofia aliyoiweka gotini kama mtoto, akamgeukia.

"Mama Ochi. Mke wangu ameniambia una maneno."

"Ninayo, mwenyekiti."

"Hapa hakuna wa kukutisha. Tunywe chai, tukimaliza utasimama, useme yako yote. Mimi nataka kusikia."

Nilikuwa nimeketi chini kando ya kreti, kwa hivyo niliona mikono yake. Ilikuwa imeshika ukingo wa kreti tangu tufike, na hapo ikauachia. Akafungua vifungo, kimoja, cha pili, cha tatu, akavua koti mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalikunja na kuniwekea mapajani.

"Shika. Lisiguse chini. Nikisimama nataka wanione mimi."

Akaenda nyuma ya ploti kwenye mfereji wa maji, kuwasaidia wanawake kuosha vikombe.

Sijui kama nyinyi mmewahi kuona nafasi ikiwajia imevaa nguo za Jumapili. Koti mapajani. Wanaume wote wa ukoo kwenye mstari. Mama hayupo, hawezi kumfuata mtu. Na kama vile haikutosha, baba mdogo mwenyewe akanipigia makofi. Baba mdogo alikuwa mtu wa watu. Alinipenda. Alinunua peremende na kunipa akijifanya amezitoa sikioni mwangu.

"Ochi! Kuja hapa, omera! Nasikia wewe ndio TV ya Kibera. Hebu tuwashie!"

"Betri iko?" nikauliza.

"Iko!" wakaitikia watatu wanne, wakicheka tayari.

Nikasimama. Nikatingisha makalio mara moja, mara mbili, na kabla sijafungua mdomo mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mama Koti huyo!" Kumbe hata Kawangware wanamjua! Nikakunjua koti. Nikalishika mabegani na kumwekea mzee wa kwanza kifuani, nikarudi hatua moja, nikafunga jicho.

"Huyu mabega hana!"

Jo, ua mzima. Wanawake waliobaki kwenye majamvi walijifunika leso. Nikaenda kwa wa pili, mwenye kitambi. "Huyu tumbo limetangulia, kichwa kitafika kesho!" Hilo la kichwa nililiongeza mwenyewe. Hapo ndipo mzee alipomwaga chai. Nikampita mwenyekiti kwa heshima, nikamwekea mguuni tu, nikatikisa kichwa, naye akacheka bila sauti, mabega yakiruka. Nikamfikia baba mdogo. Akasimama mwenyewe, akanyoosha mikono nyuma kama mtu wa dukani, nikamwingiza.

Lilimkaa. Bila shaka lilimkaa, wametoka tumbo moja na baba. Alikuwa amenipa mgongo, na kwa muda mfupi sana nilimwona baba yangu amesimama uani Kawangware, mzima, kabla ya kukohoa. Kisha akageuka na ikawa sura ya baba mdogo.

"Sasa toroka," nikamnong'oneza.

"Nitoroke niende wapi?" akasema kwa sauti, watu wakacheka tena.

"Toroka! Toka na hilo koti, haraka, kabla hajarudi!"

Hakutoroka. Alitazama mikono ya koti ilivyomfikia pale pale inapotakiwa. Akafunga kifungo cha juu. Akafunga cha kati. Akafunga cha chini. Akaketi nalo. Kicheko kikaanza kupungua kidogo kidogo, kama mvua inayohamia mtaa mwingine, na nikabaki nimesimama katikati nikisubiri nyimbo.

Yule mzee mwenye suruali iliyolowa hakuwa anacheka tena. "Nani amemvisha?" akauliza.

"Si mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa marehemu."

"Na mtoto amelitoa wapi?"

Mtu mmoja kwenye jamvi akasema alimwona mama yake akilivua na kumkabidhi. Kumkabidhi, ndilo neno alilotumia. Mzee akakubali kwa kichwa, ameridhika. "Basi. Sisi tunakaa hapa kutafuta nani wa kuvishwa, na nyumba yenyewe imeshavisha."

Mama alirudi na sinia la vikombe. Aliona koti kabla ya kuona mtu yeyote. Alitafuta mahali pa kuweka sinia, hakupaona, akaliweka chini.

"Mwenyekiti. Nilikuwa na maneno."

"Sema, mama." Mwenyekiti alikuwa bado anafuta macho.

"Mimi nimekaa na hilo koti—"

"Huyu mabega hana!" ikatoka sauti nyembamba benchi la nyuma, sauti yangu, lakini kwa mdomo wa mtu mzima. Wakapasuka. Mama alingoja. Alidhani labda kuna kitu nyuma yake, akageuka akatazama lango. Walipotulia akaanza tena.

"Kifua kilichomuua mwenye koti—"

"Tumbo limetangulia!"

Mwenyekiti alijificha nyuma ya kofia. Mke wake, yule aliyemwombea Mama nafasi, alikuwa ameuma leso. Mara ya tatu hakuna hata aliyesema neno. Mama alifungua mdomo tu, na wakacheka kwa sababu amefungua mdomo. Na sasa niseme lile ambalo sijawahi kumwambia mtu: nami nilicheka. Sikutaka. Walicheka wakubwa waliokaa kwenye viti, na mwili wangu ulikuwa umezoea.

Mama akaketi kwenye kreti. Mwenyekiti akasema jambo limejimaliza lenyewe, na kwamba mtoto amefanya kwa dakika tano kazi ambayo wazee wangeifanya mpaka jua lizame. Nikapewa soda. Nikainywa.

Sitawachosha na yaliyofuata. Baba mdogo alikuja Kibera Jumapili ile nyingine, amevaa koti, na Mama alimtolea stuli nje, akampa chai nje, wakaongea hali ya hewa. Ya pili vilevile. Ya tatu hakuja. Ukoo ukasema huyu mama alivisha mwenyewe kwa mkono wa mwanawe halafu akafunga mlango, amewatukana. Tangu hapo hatuitwi. Bibi yangu, mama yake baba, alikufa na tukasikia kwa muuza omena aliyetoka ziwani, wiki mbili amezikwa. Nyumba ya baba ya ocha nasikia imeanguka upande. Sijui kama kaburi lake lina msalaba. Dada yangu hakumbuki kwetu kunafananaje, ukimwuliza anakuambia kwetu ni Kibera, na labda yuko sawa. Baba mdogo nilikutana naye mwaka jana penye kibanda cha chai, bado ana lile koti, kiwiko kimeshonwa. "Niaje, TV!" akaniita kwa furaha ya kweli. Si mtu mbaya. Na mke wa mwenyekiti alimwambia Mama sokoni, miaka baadaye, kwamba siku ile mumewe alikuwa ametoka nyumbani na neno moja mfukoni. Alikuwa aseme Mama aachwe huru, na watoto wake wabaki watoto wa ukoo. Alikuwa anangoja tu amsikie kwanza.

Nirudi njiani. Tulitoka Kawangware jua likiwa bado juu. Bila koti Mama alikuwa mdogo. Sikuwa nimeiona mikono yake mchana kwa miezi. Nilitembea hatua mbili nyuma nikingoja kofi, na nilikuwa nimeshapanga nitakavyolia. Tukavuka Ngong Road. Halikuja. Tukateremka tukaikaribia Ayany, na hapo akasimama kando ya njia, akavua kiatu, akakung'uta changarawe.

"Ochi. Walikuwa wanacheka nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hajui. Alikuwa ametembea njia yote ile akijiuliza amekosea neno gani.

Nikamwambia. Kwanza nilidhani nitasema kwa kifupi, lakini aliuliza. Ni mwanamume au mwanamke? Mito anaiweka wapi? Wanaonyesha siku gani? Akaniambia, "Fanya vile ulifanya." Nikakataa. Akasema, "Fanya." Nikafanya, kando ya barabara, mchana, nikiwa sina koti, nikishika hewa kwa mabega na kuwapima watu ambao hawapo. Huyu mabega hana. Huyu tumbo limetangulia. Alinitazama kama mtu anayeelekezwa njia ya mahali ambapo ni lazima afike.

"Na huyo mwanamume akipatikana?"

"Anatoroka. Anaruka ukuta."

"Na huyo mama?"

"Anamkimbiza na kiatu."

"Halafu?"

"Halafu inaisha. Wanaimba."

Akatikisa kichwa polepole. Akainama, akavaa kiatu chake, akakifunga.

"Na huyo mama wa TV," akasema, "yeye hana watoto?"